Star Fox ya 1993: Gemu ya Pembetatu Inayofaa Kuonyeshwa Vijana Wetu

Mzazi wa Pwani akisikia neno "gemu", picha inayomjia kichwani ni moja: kijana aliyekunja mgongo kwenye kibanda chenye giza, adhana ya alasiri inaita na yeye hasikii, na nauli ya skuli imeishia kwenye pedi. Picha hiyo si ya uongo. Lakini kuna upande mwingine ambao wazazi hatuuoni, kwa sababu kila siku tunaishia mlangoni tukigomba.

Haya nayaandika kutoka Makutano, mjini Meru, ninakofanya kazi kwa miaka kadhaa sasa. Kenya ina Makutano nyingi, maana kila barabara zinapokutana jina hilo huzaliwa. Hii ya Meru iko mbali na bahari, lakini vibanda vyake vya gemu ni vile vile vya Kisauni na Likoni: televisheni mbili tatu, benchi la mbao, na vijana wanaolipa kwa kila mechi ya mpira. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliletwa kwangu likizo ya Agosti ili nimsaidie hesabu. Alikuwa amepata D, na mbele ya mamake alitamka kwamba hesabu hana haja nayo maishani. Siku ya pili alikuwa keshavijua vibanda vyote vya mtaa.

Mamake akanipigia simu kutoka Mombasa. "Kaka, huyu mtoto nimemleta asome au acheze?"

Nikamjibu kwamba atafanya yote mawili. Nyumbani ninayo mashine ndogo ya Nintendo ya mwaka 2017, iliyobeba gemu 21 za zamani, ambayo ndugu yetu mmoja alikuja nayo kutoka Dubai. Nikaiunganisha na televisheni, nikachagua gemu iitwayo Star Fox. Kijana akatazama dakika moja, akacheka. "Mjomba, hii ndege imekunjwa kwa karatasi?"

Hakukosea. Inafanana na ndege ya karatasi kweli, na ukijua kwa nini iko hivyo umeshaanza somo.

Gemu yenyewe ni ipi?

Star Fox ilitoka Japani mwezi wa Februari 1993, kwa mashine ya Super Famicom ambayo nchi nyingine waliiita Super Nintendo. Ilipofika Ulaya ilibadilishwa jina ikaitwa Starwing. Mchezaji ni rubani, mbweha aitwaye Fox McCloud, anayeongoza kikosi cha ndege nne za anga za juu. Wenzake ni ndege Falco, sungura Peppy na chura Slippy. Wanatoka sayari ya Corneria kwenda kupambana na adui aitwaye Andross kwenye sayari ya Venom, na njia za kufika huko ni tatu. Unachagua mwenyewe, na kila njia ina ugumu wake.

Aliyesimamia kazi hiyo Nintendo ni Shigeru Miyamoto, yule yule wa Mario. Ameeleza kwamba wazo la mbweha lilimjia kutokana na hekalu la Fushimi Inari huko Kyoto, mji yalipo makao makuu ya Nintendo. Pale mbweha ni mnyama wa heshima, na kuna maelfu ya malango mekundu yaliyopangwa mstari mmoja baada ya mwingine. Ukicheza utayaona malango hayo: ndege inapita katikati ya nguzo na matao, moja baada ya jingine. Watu walichukua kilichoko mtaani kwao wakakipeleka angani. Jambo hilo tulishike, nitalirudia.

Walioandika programu walikuwa Waingereza vijana wa kampuni ya Argonaut ya London, iliyoanzishwa na Jez San. Wawili kati yao, Dylan Cuthbert na Giles Goddard, walikwenda kuishi Japani kufanya kazi hiyo wakiwa na umri ambao kwetu kijana bado anaulizwa amekwenda wapi usiku.

Kwa nini pembetatu?

Gemu nyingi za wakati ule zilitumia picha bapa. Mchoraji anachora mhusika mara kadhaa, mguu mbele, mguu nyuma, na mashine inazibadilisha picha hizo haraka. Njia hiyo inapendeza, lakini ina mpaka. Ukitaka kuiona ndege kwa nyuma, kwa ubavu, kwa juu na kwa kila pembe iliyo katikati, itabidi uchore picha mia na zaidi, na kaseti haina nafasi ya kuzihifadhi.

Njia ya pili ni kutochora picha kabisa. Badala yake unahifadhi nukta. Unaiambia mashine: hapa kuna nukta, pale kuna nukta, na kule nyingine. Ziunganishe kwa mistari, jaza rangi katikati. Umbo linalopatikana linaitwa poligoni, na rahisi kuliko yote ni pembetatu.

Kwa nini pembetatu hasa? Mtu wa Pwani hahitaji profesa hapa. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka kwenye sakafu ya mawe. Kiti cha miguu minne kinahitaji seremala mzuri, la sivyo mguu mmoja utaning'inia. Nukta tatu siku zote hukaa kwenye ubapa mmoja. Ya nne inaweza kutoka nje. Mashine inapenda pembetatu kwa sababu ile ile unayopenda kigoda: haina wasiwasi nayo.

Kwa hiyo ile "karatasi" aliyoiona mpwa wangu ni maumbo machache bapa yaliyounganishwa yakafanya ndege. Pua imechongoka, mabawa yako huku na huku, kila upande una rangi yake moja. Pale kona zinapokutana panaitwa kipeo. Mimi nilimwambia mpwa wangu paitwe makutano, akalielewa papo hapo.

Hesabu iliyofichwa ndani

Sasa ndege igeuke. Hapo ndipo kijana anayesema hana haja na hesabu anapokutana nayo uso kwa uso.

Chukua daftari la miraba. Weka pua ya ndege kwenye nukta (0, 3). Bawa la kushoto liwe (-2, -1) na la kulia liwe (2, -1). Unganisha, umepata ndege inayotazama juu. Tunataka igeukie kushoto, nyuzi 90. Kanuni ni hii: badilishana namba mbili za kila nukta, kisha ile inayokaa mbele igeuze alama. Pua inakuwa (-3, 0). Bawa la kushoto linakuwa (1, -2). Bawa la kulia linakuwa (1, 2). Chora tena, utaona ndege ile ile inatazama kushoto, haikupungua wala kuongezeka.

Huo ni mzunguko, somo ambalo skuli zetu za upili zilikuwa zikilifundisha kidato cha pili. Kwa nyuzi nyingine zisizo 90 utahitaji sine na cosine, na kidato cha nne utakuta matriksi, yale majedwali ya namba yanayofanya kazi hiyo kwa mpigo mmoja. Wanafunzi wengi huyapita wakinung'unika, "haya yatanisaidia nini?" Jibu ni kwamba bila hayo hakuna mchezaji wa mpira anayegeuka kwenye ile mechi waliyoilipia kibandani.

Kuna hatua ya pili: umbali. Televisheni ni bapa, lakini ndege iko mbele au nyuma. Fikiria umesimama ufukweni Lamu na mbele ya jicho lako, mita moja tu, pana kioo cha dirisha. Jahazi lenye mlingoti wa mita 10 liko mita 100 kutoka kwako. Ukiuchora mlingoti huo kwenye kioo vile unavyouona, utapata sentimita 10. Jahazi likienda hadi mita 200, mlingoti kwenye kioo ni sentimita 5. Likifika mita 1,000 ni sentimita moja. Kanuni yake ni kugawanya urefu kwa umbali, basi. Mtoto wa darasa la sita anaijua kazi hiyo. Star Fox inaifanya kwa kila nukta ya kila kitu kilicho mbele yako, na ndipo nguzo ndogo kama njiti ya kiberiti inapokua hadi kuwa mnara unaotaka kukugonga.

Hatua ya tatu ni kujua kipi kipakwe rangi kwanza. Fundi rangi anajua: ukuta kwanza, maandishi ya duka baadaye. Mashine nayo inapanga vitu kwa umbali, inachora vya mbali kwanza, kisha vya karibu vinavifunika. Na upande wa ndege usiotutazama hauchorwi kabisa, maana hakuna atakayeuona.

Mpishi aliyekuja na kaseti

Shida ilikuwa moja. Mashine ya Super Nintendo ilikuwa hodari wa picha bapa, lakini kwa hesabu za aina hii ilikuwa dhaifu. Prosesa yake ilikwenda kwa mapigo yasiyofika milioni 4 kwa sekunde.

Tufanye makadirio. Tuseme umbo moja lina vipeo 40. Kukizungusha kipeo kimoja kunahitaji kuzidisha mara 9, kwa hiyo umbo zima ni mara 360. Ukitaka picha 15 kwa sekunde, ni mara 5,400. Weka maumbo kumi mbele ya mchezaji, ni mara 54,000 kila sekunde, na hapo hujagawanya kwa umbali wala hujapaka rangi. Mashine ingechoka.

Vijana wa Argonaut wakawaeleza Nintendo kwamba programu peke yake imefika mwisho wake. Kinachotakiwa sasa ni chipu mpya ya kusaidia. Nintendo ikakubali. Chipu hiyo ikaitwa Super FX, na haikuwekwa ndani ya mashine. Iliwekwa ndani ya kaseti ya gemu yenyewe.

Hebu ifikirie kama harusi. Jiko la mwenyeji lina mpishi mmoja anayeweza wali na mchuzi, lakini biriani ya watu mia nne hawezi. Basi mgeni anakuja na mpishi wake mwenyewe, sufuria zake na mwiko wake. Anapika pembeni, chakula kikiiva anamkabidhi mwenyeji apakue. Ndivyo Super FX ilivyofanya kazi: ilipiga hesabu kwa mapigo zaidi ya milioni 10 kwa sekunde, ikachora picha kwenye kumbukumbu iliyomo ndani ya kaseti, kisha mashine ikaichukua picha iliyokamilika na kuitia kwenye televisheni.

Hata hivyo mambo yalibanwa. Tazama vizuri utaona picha haijai skrini yote. Pembeni pana ukanda mweusi. Huo ni ubahili wa makusudi, maana picha ndogo husafiri haraka zaidi kutoka kwenye kaseti. Milima na majengo ya mbali ni picha bapa ya kawaida inayosogezwa nyuma. Ardhini wamemwaga nukta zinazokukimbilia, na nukta hizo chache zinatosha kulidanganya jicho kwamba unakwenda kasi. Wanaojua kubana matumizi nyumbani wataielewa akili hiyo.

Ikichezwa leo

Niwe mkweli: jicho lililozoea gemu za sasa litalalamika. Mara nyingi Star Fox haizidi picha 20 kwa sekunde, na mapambano yakipamba moto inapungua zaidi, ilhali leo vijana wamezoea 60. Wakati mwingine unabonyeza na ndege inachelewa kuitikia. Ukiwa karibu na jengo huna uhakika kama bawa litapita, na bawa likigonga mara kadhaa linakatika, ndege inabaki kilema.

Lakini kuna mengi yaliyobaki mazima. Gemu nzima, kwa njia moja, inaweza kuisha kabla ya maghribi ukianza baada ya alasiri. Haikudai ununue kitu katikati, haina matangazo, haikuombi namba ya simu. Hakuna damu, vinavyolipuka ni vyuma. Na kuna jambo lililomgusa mpwa wangu kuliko mimi: wenzako watatu wanaweza kufuatwa na adui nyuma, wakakuita. Ukiwapuuza wakaangushwa, hawarudi tena mpaka gemu imalizike. Alimpoteza chura Slippy akasikitika kweli. Tangu hapo akawa anaacha kuwinda pointi akimbilie kumwokoa mwenzake. Mwalimu wa madrasa asingeeleza udugu kwa ufupi kuliko hivyo.

Siku ya nne alichukua daftari mwenyewe, akaichora ile ndege ya nukta tatu, akaizungusha nyuzi 90, kisha 180, kisha akauliza: "Mjomba, je nikitaka nyuzi 30?" Hilo swali ndilo nililokuwa nikilingoja. Swali la sine na cosine limetoka kinywani mwake, halikutoka kwa mwalimu. Sisemi kwamba amekuwa bingwa. Nasema kwamba mtoto anayeuliza ana njia, na yule aliyesema hana haja hakuwa nayo.

Sisi tuko wapi katika safari hii?

Kuna watakaosema hayo ni ya Wajapani na Waingereza. Tukumbushane. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Jukwaa hilo la Waitaliano liliendelea kurusha roketi hadi 1988. Maana yake, miaka mitano kabla ya Fox McCloud kuruka kwenye televisheni, wavuvi wetu walikuwa majirani wa roketi za kweli. Mtoto wa Ngomeni ana haki ya kuota anga kuliko mtoto wa Kyoto.

Na gemu nazo zimetengenezwa hapa. Wesley Kirinya, Mkenya, alitengeneza gemu ya poligoni iitwayo The Adventures of Nyangi katika miaka ya 2000, kisha mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Nairobi na mchezaji anailinda. Miyamoto alichukua malango ya hekalu la mji wake. Kaggia alichukua barabara za Nairobi. Ya Pwani bado. Nani atatupa gemu ambayo malango yake ni milango ya nakshi ya Lamu, na minara inayokukimbilia ni nguzo za Gede?

Basi tufanye nini?

Sitetei vibanda vyote. Viko ambavyo mechi huchezwa kwa dau, na hiyo ni kamari hata ikivaa jezi ya mpira. Mzazi anayemkataza mwanawe kuingia humo yuko sahihi, na mwenye kibanda anayeruhusu watoto wakati wa skuli anastahili kuambiwa waziwazi na wazee wa mtaa. Lakini tukiishia kwenye kukataza tu, tunabaki wanunuzi wa vitu vya watu milele. Kijana atatafuta kibanda kingine, na hesabu itabaki adui.

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja serikali. La kwanza, mzazi akae na mtoto mara moja tu, amuulize: hii imetengenezwaje? Hata kama mzazi hajui jibu, swali lenyewe linambadilisha mchezaji awe mchunguzi. La pili, walimu wa hesabu wautumie mfano wa ndege ya nukta tatu. Hauhitaji umeme, ni daftari la miraba na penseli. La tatu, penye kompyuta, iwe skulini, maktaba au kwenye ofisi ya msikiti, ziwekwe programu za Blender na Godot. Zote mbili ni za bure kisheria. Ya kwanza ni ya kujenga maumbo ya poligoni, ya pili ni ya kuyafanya yawe gemu. Kompyuta ya kawaida ya leo ina nguvu za kuzishinda chipu za Super FX mara nyingi mno, na mara nyingi tunaitumia kuandikia barua za mialiko tu.

Anayetaka kuiona Star Fox yenyewe, tangu 2019 inapatikana kwa njia halali katika huduma ya intaneti ya Nintendo kwa wenye mashine ya Switch. Lakini si lazima uicheze. Kilicho lazima ni kijana wetu ajue kwamba ndege ile inayomfurahisha ni nukta, mistari na hesabu ambazo zimo kwenye daftari lake la skuli. Akishajua hivyo, siku mwalimu atakapoandika matriksi ubaoni, atainua kichwa.